Kiatu cha banyani, kikombe cha kea

Methali nilizozijua kabla sijajua kusoma ni chache, na mojawapo ni banyani mbaya kiatu chake dawa. Mamangu alikuwa haishi kuitoa. Akipunjwa shilingi mbili kwenye duka la Mhindi pale Mwembe Tayari, Mombasa, anatoka analaani, wiki ijayo yuko palepale maana ndilo duka pekee linalomkopesha, na njiani anajisemea mwenyewe, ndo hivo, banyani mbaya kiatu chake dawa. Sisi watoto wa Majengo tulijua banyani ni wale wasiokula nyama, kalasinga ni wale wa kilemba, mabohora ni wale wa kofia nyeupe za ukingo wa dhahabu, basi, elimu yetu ya Wahindi ikaishia hapo. Hekaluni kwao sijawahi kuingia hata mara moja, na nyumba zao nilizijua kwa nje tu, kwa harufu ya udi na vitunguu vinavyokaangwa.

Ilibidi nije mpaka Leicester ndipo niingie ndani ya nyumba ya banyani, na niliingia kama kea, mhudumu wa wazee majumbani. Wale mlioko Uingereza mnaijua hiyo kazi, unaamka saa kumi alfajiri, unazunguka na basi nyumba kwa nyumba, huyu umuogeshe, yule umpe dawa, mwingine umbadilishe shuka, dakika 45 hapa dakika 30 pale. Nimebadilisha vitu viwili vitatu humu ili familia isijulikane, na huyo mzee mwenyewe nitamwita Ba, ambalo si jina, ni neno la Kigujarati la kumuita mama au nyanya, na ndivyo alivyoniambia nimuite.

Siku ya kwanza ananiangalia mtandio wangu kutoka juu mpaka chini, anauliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Kenya, Mombasa. Akabadilisha lugha hapohapo kama mtu aliyebonyeza swichi. "Mombasa! Mimi pita Mombasa mwaka hamsini na nne. Na meli ya Karanja." Alikuwa bi harusi wa miaka 18, ametoka Gujarat kuja kuolewa na mtu aliyemuona kwenye picha, akashukia Kilindini, akapandishwa treni mpaka Jinja, Uganda, akakaa huko miaka 18 mingine mpaka Idi Amin alipotoa amri yake Agosti 1972, siku 90 Wahindi wawe wameondoka.

Kiswahili chake mwanzo kilinichekesha halafu kikaanza kuniuma na nikachukua muda kujua kwa nini. Ni Kiswahili cha amri tupu. Leta, weka, ngoja, funga, pesi pesi, hapana sahau. Miaka 18 mtu yuko Afrika na katika Kiswahili chake hamna tafadhali, hamna hadithi, hamna utani, kwa sababu watu aliozungumza nao Kiswahili ni boi, yaya na mtu wa shamba, na mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kutuma. Sasa yuko kitandani Belgrave, mtaa wa Wahindi hapa Leicester, mimi ndiye namvua soksi, na kwenye mdomo wake lugha yangu bado iko jikoni Jinja.

Halafu kuna kikombe. Wiki ya kwanza akaniambia jitengenezee chai, nikaenda shelfuni nikachukua kikombe cha stili, akapiga kelele kutoka sebuleni kama vile ananiona kupitia ukuta, "Hapana hiyo! Yako iko chini." Chini ya sinki, kando ya dawa ya kufungulia mifereji, palikuwa na kikombe kimoja cheupe kilichomeguka ukingo, kimeandikwa jina la kampuni ya bima. Cha makea. Wallahi nilisimama na kile kikombe nikamuona nyanyangu, ambaye alifanya kazi ya uyaya kwa Wahindi wa Ganjoni miaka mingi, na alikuwa na kikombe chake cha bati kilichokaa dirishani kwa nje, mvua ikinyesha kinajaa maji. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa kama hali ya hewa, hakuna aliyekasirika. Nikanywa chai yangu. Miezi minne nikanywa chai kwenye kile kikombe na nikakiosha na kukirudisha chini ya sinki mwenyewe, sitajifanya shujaa hapa.

Aliyekasirika ni mjukuu wake. Binti wa miaka ishirini na kitu, amesoma sheria London, korona ikamrudisha nyumbani na akabaki. Asubuhi moja akaniona nainama chini ya sinki, akauliza hicho nini, nikamwambia changu. Hakusema kitu. Kesho yake nilipofika nikamkuta amekaa mbele ya nyanyake anakunywa chai ndani ya kikombe changu, tena anakunywa kwa sauti makusudi kama mtoto. Akamaliza, akakiosha, akakiweka juu kabisa, katikati ya vile vya stili. Ba akasusia shelfu nzima siku mbili. Ugomvi waliopigana kwa Kigujarati nilishika neno moja tu, dharam, yaani dini, wajibu, haki, vyote kwa pamoja, na nililishika kwa sababu wote wawili walikuwa wanarushiana hilohilo. Mwishowe Ba akanigeukia mimi. "Huyu sasa mwalimu ya dini."

Hapo ndipo mjukuu alipoanza kunieleza mambo ambayo miaka yote ya kuishi na Wahindi Mombasa sikuyajua. Kwamba ile ya vikombe ina jina kwa Kigujarati, abhadchhet, na haikuanzia kwa Mwafrika. Kwanza walifanyiana wenyewe, matabaka ya kuzaliwa, huyu ukoo wake ni wa kufagia vyoo basi maji yake hayanywewi, halafu walipovuka bahari wakatukuta sisi na wakatupangia nafasi yetu palepale chini ya sinki. Katiba ya India iliupiga marufuku utengano huo mwaka 1950, kipengele cha 17, na mtu aliyeongoza kuiandika ni Ambedkar, ambaye mwenyewe alizaliwa kwenye tabaka la kutoguswa. Hapa Uingereza je? Mwaka 2013 Bunge liliitaka serikali iingize tabaka ndani ya sheria ya usawa, mashirika makubwa ya Kihindu yakapinga kwamba ni kuwachafulia jina, na Julai 2018 serikali ikaachana nayo, ikasema kesi za mahakamani zinatosha. Na kesi ipo kweli, ya mtumishi wa ndani kule Milton Keynes, alikuwa akilipwa peni 11 kwa saa na analala sakafuni, mwaka 2015 mahakama ya kazi ikaamua alipwe karibu pauni 184,000. Peni kumi na moja jamani. Nilihesabu shifti zangu nikanyamaza.

Huyu binti ni Mhindu haswa, msije mkadhani ni wale wa "mimi sina dini". Anafunga, ana kijihekalu chake ndani ya kabati, kila asubuhi anawasha taa ya samli kabla hajagusa simu. Ndiyo maana maneno yake yalinikaa. Akaniambia wapo wengi kama yeye. New York tangu 2011 kuna kikundi kinaitwa Sadhana, kimeanzishwa na Wahindu wa India pamoja na Wahindu wa Karibiani, wajukuu wa wale waliopelekwa Guyana na Trinidad kulima miwa, na kazi yao mojawapo ni kwenda ufukwe wa Jamaica Bay kule Queens kuokota maua, nazi na vitambaa ambavyo Wahindu wenzao wanaviacha baharini wakishatoa sadaka. Hilo lilinifurahisha sana, dini inayojiokotea takataka zake. Mmoja wa waanzilishi, Sunita Viswanath, kabla ya hapo alishiriki kuanzisha shirika la kusaidia wanawake wa Afghanistan, na 2019 yeye na wenzake wakaunda Hindus for Human Rights, ambalo hata Uingereza lipo. Wanapinga Hindutva, ile siasa inayosema India ni ya Wahindu kwanza, wanapinga ubaguzi wa tabaka, wanawatetea Waislamu wa India kwa kutumia maandiko ya Kihindu yenyewe. Malipo yao ni kuitwa wasaliti. Oktoba 2023 akaunti yao ya X ilizuiwa isionekane ndani ya India, pamoja na ya Indian American Muslim Council, siku zilezile.

Sasa Septemba 2022. Mlioko nje mliiona kwenye habari, sisi ilitukuta. Agosti 28 India wamewafunga Pakistan kriketi, vijana wakatoka barabarani, maneno yakaanza, ngumi zikaanza, halafu wasapu ikashika usukani. Ikasambaa kwamba msichana wa Kiislamu ametaka kutekwa na wanaume wa Kihindu, polisi wakachunguza wakasema halikutokea, lakini nani anafowadi taarifa ya polisi? Jumamosi ya tarehe 17 vijana wa Kihindu karibu 200, wengi wamejifunika nyuso, wakapita Green Lane Road, mtaa wa Waislamu, wakipiga kelele Jai Shri Ram, yaani ushindi kwa Ram, mungu wa Kihindu. Na kwa upande wetu vijana wa Kiislamu nao wakaja Belgrave, bendera ya hekalu ikang'olewa, chupa zikaruka. Mimi siwezi kutetea upande, nilikuwa na bibi mzee wa upande mmoja na watoto wangu wa upande mwingine.

Jumapili akanipigia mtoto wa kiume wa Ba, baba yake huyo binti, kwa heshima kabisa, akasema usije siku mbili tatu, ni kwa usalama wako, na mtandio wako huo. Nikasema sawa. Mimi nalipwa kwa saa, usalama wangu alioutaka ulikuwa unanikata pauni karibu mia. Ejensi nayo ikasema haiwezi kulipa shifti ambayo familia imefuta. Jumanne asubuhi simu ikalia, ni mjukuu yuko nje na gari, shuka twende. Akaegesha mbali makusudi, tukatembea Belgrave Road yote mpaka mlangoni, yeye na tika yake kwenye paji la uso, mimi na mtandio wangu, hatuongei, naogopa mpaka meno. Wenye maduka ya sari wamesimama milangoni wanatuangalia. Mmoja akatusalimia kwa mkono. Tukaingia, Ba yuko kitandani amekunja uso, "Wewe hapana kuja jana. Nani paka mimi mafuta ya goti?"

Siku hiyohiyo viongozi wa Kihindu na wa Kiislamu walisimama pamoja kwenye ngazi za msikiti, tamko la amani likasomwa na rais wa hekalu la Kihindu la ISKCON. Picha nzuri. Mjukuu aliitazama akasema picha ni nzuri, lakini nyumbani mwetu baba anasema ni kosa la wageni. Wageni gani? Wahindu wapya wanaotoka Daman na Diu, zamani koloni za Mreno, wana pasipoti za Ureno, wanafanya kazi za viwandani usiku na wanaishi watu kumi nyumba moja. Yaani huyu baba ameingia nchi hii 1972 na begi moja, kaunsili ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi wasije Leicester, pamejaa, na leo ni yeye anayesema pamejaa. Hata nikacheka. Binti hakucheka.

Jioni moja akanionyesha kitu kwenye simu. Unajua RSS? Nikasema nasikia tu. Ni jumuiya iliyoanzishwa Nagpur mwaka 1925, ndiyo mama wa ile siasa ya Hindutva, neno lenyewe Hindutva likiwa limepewa umbo na Savarkar mwaka 1923, na mtu aliyempiga Gandhi risasi Januari 1948, Godse, aliwahi kuwa mwanachama wa RSS. Sasa, mkutano wa kwanza wa tawi lao nje ya India unajua ulifanyika wapi? Nikasema London. Akasema ndani ya meli, mwaka 1946, ikitoka Bombay kwenda Mombasa.

Nikamwambia wacha mchezo. Hakuna mchezo. Meli ikafika Kilindini, wakapanda Nairobi, Januari 1947 wakaunda jumuiya yao, na miaka ya sitini Wahindi wa Kenya walipohamia huku ndio walioanzisha tawi la Uingereza, 1966. Wenyewe wanasema kazi yao ni utamaduni, mazoezi na nidhamu ya watoto, na baba yake alikwenda huko akiwa mdogo, akajifunza kucheza na fimbo na kuimba, hana alichokumbuka kibaya. Mimi kilichonishika ni bandari. Miaka yote nimehesabu vitu tulivyoletewa na meli za Bombay, gari, laki, chapati, bima, badia, rangi za khanga za Biashara Street, na nikijisifu kwamba sisi pwani tunajua kukaa na watu. Kumbe na hilo nalo lilipita pale, likashuka ngazi zilezile alizoshuka Ba na sari yake ya harusi, na sisi tulioshusha mizigo hatukuwa na habari.

Lakini njia ni ileile kwa wengine pia. Nilipomtajia Ba habari za maandamano akakumbuka televisheni ya 1976, mwanamke mfupi wa Kigujarati, sari na mkoba, amesimama mbele ya geti la kiwanda cha kusafisha picha London miaka miwili nzima na polisi wamemzunguka. Jayaben Desai, mgomo wa Grunwick, Agosti 1976 mpaka Julai 1978. Alitokea Tanzania. Meneja wake alimwambia kitu, naye akamjibu kwamba hapa huendeshi kiwanda, unaendesha bustani ya wanyama, na humu kuna nyani wa kukuchezea na kuna simba wa kukung'ata kichwa. Ba akamsimulia kama vile ni mtu wa mtaa wake, "Yeye fupi kama mimi, lakini mdomo!" Mgomo ulishindwa, kazi hawakurudishiwa. Ba hilo hakulisema, mjukuu ndiye aliyelisema.

Basi mjukuu na wenzake, Wahindu kama kumi hivi, Majaini wawili, Kalasinga mmoja, na jirani zao Waislamu, wakaamua mwaka huo Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, iwe ya wote, Jumapili ya Oktoba 23, siku moja kabla ya yenyewe, kwenye ukumbi wa mtaa. Nikaingizwa kwenye grupu la wasapu. Jamani. Kama mnadhani mambo ya dini mbalimbali ni kushikana mikono na kuimba, ingieni kwenye grupu la kupanga chakula. Wahindu wa madhehebu ya Swaminarayan hawali kitunguu wala kitunguu saumu. Majaini, ambao ni dini nyingine ya India, hawali chochote kilichochimbwa ardhini, kwa hiyo viazi hakuna, na mogo hakuna.

Mogo ni muhogo wetu. Wahindi wa Afrika Mashariki waliubeba mpaka huku, ukienda Belgrave Road kila hoteli ina mogo wa pilipili, na pamoja nao wakabeba jugu, fagio, sufuria na dudu. Ba anaapa hayo yote ni Kigujarati. Nimejaribu kumweleza, ananiambia nimeiba.

Tatizo kubwa likawa jua. Majaini lazima wamalize kula kabla jua halijazama. Waislamu wakishaona jua limezama wanataka kuswali magharibi. Taa za Diwali hazina maana mpaka giza liingie. Na siku hiyo Leicester jua lilikuwa linazama saa kumi na mbili kasoro dakika kumi hivi. Mesiji zilikuwa mia mbili na kitu. Mzee mmoja mstaafu, injinia, akatengeneza jedwali la rangi tatu, mama mmoja Msomali akamjibu kwa voisi ndefu ambayo hakuna aliyeimaliza, mwishowe ikawa chakula saa kumi na moja kamili, jua likizama Waislamu waingie chumba cha meza za ping pong, wakitoka ndipo taa ziwashwe. Yule injinia akaja na dira yake kututafutia kibla. Ilitofautiana kidogo na ya simu ya imamu na wakabishana, Mhindu na imamu, kibla iko wapi, mpaka nikatoka nje nicheke.

Mimi nilipika kaimati. Mama Msomali akaleta halua. Watu walikuja labda themanini, wengi wazee, na vijana waliokuja wameburutwa na mama zao. Kabla ya chakula kila mtu aliruhusiwa kusema na hapo ndipo hali ikachafuka kidogo, na nafurahi ilichafuka. Mama mmoja wa Kihindu alisimama, sari ya zambarau, amevaa vizuri, akamwambia mjukuu wa Ba mbele ya watu, kwa nini unatuanika? Mbona mimi dirisha langu lilipigwa jiwe na sikuona Mwislamu amesimama kusema pole? Mbona kila siku sisi ndio wa kujieleza? Ukumbi ukawa kimya, unasikia mashine ya chai tu. Sauti ilikuwa inamtetemeka, hakuwa mtu wa fujo, alikuwa mtu aliyelala macho wiki mbili. Binti akamjibu polepole, akamwita masi, yaani mama mdogo. Akasema masi, lile jina walilolipigia kelele Green Lane Road ni la Ram, na Ram ni wangu pia, mimi nisiposema atasema nani? Halafu yule mama Msomali akanyanyuka, akavuka ukumbi mzima na vijiti vyake vya kutembelea, akaenda kukaa kiti cha karibu na yule wa zambarau. Akasema kwa Kiingereza chake, pole ya dirisha. Basi. Hakuna aliyekumbatiana na mtu.

Mimi niliombwa niseme kwa Kiswahili wazee wa Uganda na Kenya wafurahi. Nilikuwa nimetayarisha maneno matamu ya ujirani mwema. Nikasimama yakanikimbia. Nilimkumbuka mjomba wangu akituhadithia Agosti 1982, lile jaribio la mapinduzi, jinsi maduka ya Wahindi Nairobi yalivyovunjwa, redio zinabebwa kichwani, na wanawake wao walivyofanywa, na mjomba anasimulia anacheka na sisi watoto tunacheka naye. Nikasema hilo. Nikasema nyumbani kwetu tulicheka, na hakuna aliyesimama akasema nyamazeni. Wazee watatu wanne waliofahamu Kiswahili walitazama chini. Mwingine aliyekuwa Nairobi siku ile akatikisa kichwa tu taratibu. Nikakaa. Sijui kama nilifanya vizuri, lakini baada ya kumsikia yule binti anawasema wake mbele yetu nisingeweza kusimama pale na maneno ya sukari.

Jua likazama, Waislamu wakaingia kwenye ping pong, na hapo vijana wa kujitolea kwa haraka zao wakaanza kuwasha taa mapema, vile vidau vya udongo vya samli na utambi wa pamba, kama sitini, wamevipanga meza moja chini ya ile kengele ya moshi. Ikalia. Ikalia hasa. Tukatolewa wote nje kwenye manyunyu, waliokuwa rakaa ya pili wakatoka na soksi, wazee na viti vya magurudumu, sinia ya halua mkononi mwa mtu aliyekataa kuiacha. Yule injinia akasema nchi hii hata Mungu lazima afuate kanuni za moto. Dakika ishirini tulisimama, mlinzi wa ukumbi akaja amenuna, taa zikahamishiwa nje barazani, na huko ndiko zilikowaka, upepo ukizima moja mtu anainama anaiwasha, na sikumbuki nani aliinama kwa ya nani.

Kesho yake, siku ya Diwali yenyewe, Rishi Sunak akapita kuwa kiongozi wa chama chake, kesho kutwa akawa waziri mkuu, baba kazaliwa Kenya, mama kazaliwa Tanganyika. Ba alifurahi kama ni mwanawe. Mjukuu alinuna, siasa ya Sunak haipendi. Na juzi hapa, Novemba 2025, New York wakachagua meya aliyezaliwa Kampala, Zohran Mamdani, Mwislamu, mama yake Mira Nair katoka familia ya Kihindu, zamu hii mjukuu ndiye aliyeruka juu. Ba akauliza, "Wa Kampala?" Wa Kampala, Ba. "Basi mtoto ya kwetu." Anawachukua wote, hajali chama.

Ile mwaka 2022 mwaka mpya wa Kigujarati ulianguka Oktoba 26, kwa sababu ya kupatwa kwa jua, na nilipoingia asubuhi Ba akaniambia Saal Mubarak. Nikadhani nimesikia vibaya. Mubarak? Kumbe ndivyo Wagujarati wanavyosalimiana mwaka mpya tangu enzi na enzi, Wahindu kwa Wahindu, kwa neno lilelile tunalopeana sisi Idi. Mjukuu anasema siku hizi kuna wanaotaka liachwe, wanasema ni la Kiislamu, litumike la Kisanskriti. Ba aliposikia hivyo akapiga ulimi. Hilo neno alifundishwa na mamake, na mamake hakuwa Mwislamu, na yeye hana muda wa kujifunza jingine. Akanipa bahasha ina pauni ishirini na moja, ile moja ya baraka.

Kikombe bado kipo. Kiko juu, kimemeguka vilevile, na Ba hajawahi kukinywea, hilo niseme wazi. Lakini akiwa na mgeni na vikombe havitoshi ananiambia leta ile ya juu, na mgeni anapewa bila maelezo.

Wiki iliyopita nilikuwa nampaka mafuta ya goti, mamangu akapiga kutoka Mombasa, mikono imejaa mafuta nikaweka spika. Mamangu na sauti yake ile ya kuita feri, "Haya, huyo banyani wako hajambo?" Nikaganda. Nikatafuta kitufe kwa kiwiko. Ba akafumbua macho, akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Mwambie mama yako banyani iko. Kiatu pia iko. Yeye kuja chukua."